Shati la Buluu Bado Halijachekesha

Bendi ya aina hii mnaijua. Wanachuo wanne watano wa Kijerumani, mashati ya buluu ya FDJ, ule umoja wa vijana wa Ujerumani Mashariki, wanapanda jukwaani na akodiani. Wanaimba kumsifu dereva wa trekta. Katikati ya wimbo mmoja wao anaiga sauti ya katibu wa chama na kutangaza kwamba malengo ya mpango wa miaka mitano yamevukwa. Ukumbi hoi kwa kicheko. Mkubwa wao hata kuzaliwa alikuwa bado, Ukuta wa Berlin ulipoanguka tarehe 9 Novemba 1989.

Wajerumani wana neno lao: Ostalgie, yaani kuitamani Mashariki iliyokwisha. Ukiwauliza vijana hawa, watakwambia wao wanawakejeli hao wenye kutamani. Sawa. Lakini kejeli hupimwa kwa anayepigwa. Hapa anapigwa nani?

Tuanze na dola yenyewe. Mwaka 1989 Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, mbali na watoa habari wa siri. Wakati ule kulikuwa na bendi ya kweli pale Leipzig, ikiitwa Renft. Septemba 1975 wanamuziki wake waliitwa mbele ya maofisa wa utamaduni wakaambiwa bendi yao haipo tena. Haikufungiwa kwa muda, jamani: haipo! Wawili kati ya wenzao, Pannach na Kunert, walikamatwa mwaka 1976, na mwaka uliofuata wakasukumwa Berlin Magharibi. Hao walitania simba akiwa na meno. Leo simba ni ngozi ukutani, na kijana anayeichokonoa kwa kijiti anataka tumpigie makofi kwa ushujaa. Ushujaa gani?

Basi anapigwa bibi wa Cottbus anayekumbuka kiwanda chake. Huyu naye si mjinga. Baada ya 1990 shirika la Treuhand liliuza au kufunga maelfu ya viwanda vya Mashariki, watu wakabaki na ujuzi usio na mnunuzi. Anapotaja matango ya Spreewald na chekechea ya karibu, si kwamba anamlilia Honecker. Anadai siku zake zihesabiwe kuwa zilikuwa maisha. Filamu ya *Good Bye, Lenin!* ya mwaka 2003 ililielewa hilo: inachekesha kweli, lakini yule mama haigeuzi kikaragosi. Bendi zetu hizi zimechukua makopo ya matango, zikamwacha mama.

Na yuko wa tatu, ambaye ukumbi mzima hata haumfikirii. Kuanzia 1979 vijana zaidi ya 15,000 wa Msumbiji walipelekwa kufanya kazi katika viwanda vya Ujerumani Mashariki. Sehemu ya mishahara yao ilikatwa kwa ahadi kwamba wangelipwa wakirudi. Walirudi, na wengi hawakuiona. Mwanamke aliyepata mimba alikuwa na njia mbili: aitoe au arudishwe kwao. Kwa miaka mingi wafanyakazi hao, Madgermanes, wameandamana Maputo wakidai chao, huku wakipeperusha bendera ile ile yenye nyundo na bikari. Jukwaani kule, bendera hiyo ni pambo. Mikononi mwao ni hati ya deni.

Sisi wa pwani hii tuna haki ya kulisema hili. Nyumba za Michenzani, Unguja, zilianza kwa msaada wa dola hiyo hiyo, na hadi leo watu wanalala humo. Kwa hiyo sidai kwamba kila kilichotoka huko kilikuwa uovu mtupu. Nadai hesabu kamili.

Eti ni utani tu, tusiwe wagumu. Hapana bwana. Mtani wa kweli humwambia mtu jambo ambalo wengine wanaliogopa, tena usoni. Vijana hawa wanaishi katika nchi iliyoungana, ambayo deni la Wamsumbiji hao inalijua. Kama wanataka wimbo wa kejeli kwa Kijerumani, wamwimbie waziri wa leo kuhusu mishahara hiyo, wakiwa wamevaa mashati yao ya kawaida. Hapo ndipo tutajua kama wanajua kuchekesha.