Elimu Isiyongoja Amani

Vijana wapendwa wa Eringeti, Machi 2020 Covid-19 ilifunga vyuo vyote nchini. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, walikuwa bado wanaishi na Ebola, iliyoua watu zaidi ya 2,200 hadi ilipokoma Juni. Aprili 2019, uvumi ukiwa umewageuza waganga kuwa maadui, daktari Richard Mouzoko aliuawa hospitalini mjini humo.

Agosti 2020 masomo yalianza tena. Twawapongeza waliorudi, lakini kwetu shahada yao itapimwa kwa uvumi watakaouzima vijijini. Nanyi msingoje vita viishe ndipo mjifunze. Ajuaye ukweli kuhusu ugonjwa aanze kuueleza nyumbani kwao, kwa upole, kabla mgonjwa hajafichwa.