SHAMBA LA MITI SI MSITU

Wakulima wengi wa Njombe na Mufindi hupanda mipaini na mikaratusi, nao wafanya vema. Maana mbao na nguzo huuzwa, na fedha yake husomesha watoto. Lakini liko kosa moja. Mtu akitaka kupanda, hufyeka kila kilichomo, hata mikuyu ya bondeni, kisha hupanda mti wa namna moja mpaka ukingoni mwa maji. Kwa maoni yetu, hasara ya jambo hilo humrudia mwenye shamba mwenyewe.

Wako wasemao, "Mti wa mwitu haunipi kitu, nao hula nafasi ya mipaini mitano." Neno hilo si la kupuuzwa, kwa kuwa mwenye ekari mbili hana ardhi ya kuchezea. Lakini na atazame yaliyoupata msaipresi, mti wa asili ya Mexico, uliopandwa peke yake katika mashamba makubwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1986 kidukari mgeni alionekana Malawi. Mwaka 1990 alikuwa amekwisha kuingia Kenya. Alikuta chakula chake kimepangwa safu kwa safu, wala hapakuwa na adui wa kumzuia, akaikausha miti mingi. Tena hakuishia hapo, bali aliushambulia na mtarakwa wetu wa asili.

Jambo la pili, mti mgeni huenda usikae pale ulipowekwa. Huko Amani, katika Usambara Mashariki, ulipandwa mti ambao Waganda huuita musizi. Hondohondo wakala matunda yake, wakaangusha mbegu msituni. Sasa waota katikati ya miti ya asili, ambayo mingine haipatikani pengine duniani ila katika milima ya nchi yetu.

Basi twashauri hivi. Kwanza, ukingo wa mto uachwe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Iache mikuyu hapo, ishike udongo na kulisha ndege. Pili, miti ya asili iliyosimama mpakani isikatwe. Mringaringa wafaa kutundikiwa mizinga, lakini ua la mpaini halina asali. Tatu, gawa shamba mafungu, kila fungu na mti wake, ili ugonjwa ukija usichukue vyote. Nne, jirani na wapatane, ukanda wa huyu ukutane na wa yule, ndege na wanyama wadogo wapate njia. Hapo hakuna apotezaye sehemu kubwa peke yake.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mpaini utakatwa na kuuzwa, fedha yake itatumika ikaisha. Lakini chemchemi ikikauka, mjukuu wako atateka maji wapi?