Hatimiliki pekee haimkingi mnunuzi wa nyumba ya bustani

Nyumba ya chini yenye vyumba vinne vya kulala, nyumba ya mtumishi, bustani mbele na nyuma, nusu ekari, Kileleshwa. Matangazo ya aina hii ni ya kawaida jijini Nairobi, na anayeyasoma kwa makini hugundua kwamba nyumba yenyewe hupewa mstari mmoja tu. Yanayosalia huhusu ploti: ukubwa wake, umbali wake kutoka barabara kuu na kufaa kwake kwa ujenzi wa fleti. Dalali anayesifia miembe na mijakaranda iliyomo uani anajua fika kwamba huenda mteja wake akaikata yote kabla ya mwaka kwisha.

Kinachouzwa basi ni ardhi, na bei yake huwavuta watu wa kila sampuli, matapeli wakiwemo. Mjadala kuhusu mitaa hii aghalabu huishia kwenye uhaba wa maji, majitaka na msongamano wa magari. Ni malalamishi ya haki. Hata hivyo, kwa familia inayotumia akiba ya miaka mingi au mkopo wa benki ili ipate makao, hatari kubwa zaidi imo katika stakabadhi.

Kileleshwa na Kilimani ni miongoni mwa mitaa iliyotengewa Wazungu enzi za ukoloni, na baadhi ya nyumba zake zilijengewa maafisa wa serikali. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, nyumba za serikali ziliendelea kuwa mali ya umma, hadi nyingine zilipoanza kugawiwa watu binafsi. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo iliteuliwa 2003 na kuwasilisha ripoti yake 2004, ilifichua jinsi ardhi ya umma, pamoja na nyumba za serikali, ilivyogawiwa kinyume cha sheria na kisha kuuziwa wengine. Mapendekezo mengi ya tume hiyo hayakutekelezwa, na karatasi zilizotiliwa shaka zikazidi kupita mkono hadi mkono.

Kwa miaka mingi mnunuzi alijiliwaza kwamba hatimiliki ni ushahidi tosha, mradi yeye mwenyewe hakushiriki ulaghai. Katiba ya 2010 iliutikisa uhakika huo, kwani kifungu cha 40 hakilindi mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 nayo inaruhusu hatimiliki kupingwa iwapo ilipatikana kwa njia haramu, bila kufuata utaratibu au kwa hila za ufisadi.

Msumari wa mwisho ulipigiliwa Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ploti iliyozozaniwa, iliyoko Nyali kando ya bahari, iligawiwa Daniel arap Moi mwaka wa 1989 alipokuwa Rais, kisha ikauzwa zaidi ya mara moja hadi ikaifikia kampuni hiyo. Majaji walisema ugawaji wa kwanza ulikuwa na kasoro, kwa hivyo hakuna aliyefuata ambaye angeweza kupata haki asiyokuwa nayo aliyemtangulia. Kununua kwa nia njema hakukuiokoa kampuni.

Uamuzi huo ulihusu ufuo wa Mombasa, lakini uzito wake unahisika katika kila ua wa Kileleshwa. Upekuzi wa kawaida wa sajili humwonyesha mnunuzi mmiliki wa sasa. Haumwambii jinsi ardhi ilivyotoka serikalini, kwa barua gani, na iwapo masharti yalitimizwa. Maswali hayo yanahitaji faili zenyewe zifunguliwe, na wakili asiyeridhika na nakala aliyoletewa na muuzaji. Ni kazi ya siku nyingi, ilhali muuzaji kwa kawaida hutaka asilimia 10 ya bei pindi mkataba unapotiwa saini. Aidha, umri wa ukodishaji ni jambo la kukaguliwa: ule wa miaka 99 ulioanza 1950 utakwisha 2049, na benki huenda zikasita kuukopeshea.

Kuna mtego mwingine ambao hauzungumzwi vya kutosha. Baadhi ya wazee walionunua nyumba hizi katika miongo ya kwanza ya uhuru wamefariki, na wanaofungua lango kumlaki mnunuzi ni watoto wao. Sheria ya Urithi hairuhusu msimamizi wa mali ya marehemu kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wake. Licha ya hayo, wapo wanaomlipa amana mtoto mmoja mwenye ufunguo wa nyumba, ilhali ndugu zake wangali mahakamani wakibishana kuhusu nani atarithi nini.