Mwalimu mwanafunzi asipewe jembe siku ya kwanza

Kila muhula wa pili shule zetu za Pwani hupokea wageni. Ni vijana wa vyuo vikuu wanaosomea ualimu, wamekuja kufanya mazoezi ya kufundisha, au TP kama wenyewe waitavyo. Katika shahada ya miaka minne, muhula huu mmoja ndio wanaposimama mbele ya darasa la kweli kwa muda mrefu. Mimi nafundisha shule ya kutwa kaunti ya Kilifi na nimekuwa mwalimu mlezi wa vijana hawa kwa miaka kadhaa. Nina mawili ya kusema.

La kwanza, aendako mwanafunzi huamuliwa na mfuko wake. Kodi ya chumba, chakula, nauli, manila za kuchorea vielelezo, hata viatu vya kuingilia darasani, vyote ni juu yake. Pesa za HELB ni mkopo, na aghalabu zimekwisha kabla ya muhula kuanza. Basi hutafuta shule ya karibu na kwao au karibu na mji. Mhadhiri wa kumkagua naye hufika kwa urahisi penye barabara ya lami kuliko ndani ya Ganze, Kinango au Faza kisiwani Pate. Ndiyo maana utakuta shule ya mjini ina walimu wanafunzi watatu wa Kiswahili kwa pamoja, na ya ndani, yenye mwalimu mmoja wa Hisabati, haina hata mmoja.

La pili, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi mgeni huyu hupewa jembe siku ya kwanza. Nimeona kijana akikabidhiwa madarasa manne Jumatatu asubuhi, hajakaa nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu hata kipindi kimoja. Mkaguzi akija hutazama azimio la kazi na andalio la somo, husikiliza kipindi, hujaza fomu, huondoka. Kijana ameziba pengo la shule, lakini ni nani aliyemfunza kazi?

Siwalaumu walimu wakuu peke yao. Mwalimu akihamishwa na TSC isilete mwingine, watoto hawawezi kukaa bure. Lakini pengo la mwalimu aliyeajiriwa halizibwi kwa mwanafunzi asiyelipwa, akirudi chuoni Agosti pengo likabaki palepale.

Kwetu Pwani jambo hili lina uzito wake. TSC ilipoanza kuhamisha walimu mbali na makwao mwaka 2018, tulilalamika. Kila mwaka twasema twataka walimu wanaotoka kwetu, wanaojua lugha na desturi za watoto wetu. Sasa Gredi ya 10 imeanza Januari 2026, na mtaala mpya wataka mwalimu aliyefunzwa barabara. Mwalimu huyo ndiye huyu kijana wa TP. Aliyepokewa vyema Garsen au Kiunga leo, kesho akipangiwa kazi huko hatakimbilia kuomba uhamisho.

Napendekeza hivi. Vyuo vipange na shule za ndani mapema, vipeleke wanafunzi wawili wawili ili mkaguzi awaone kwa safari moja. Wiki mbili za mwanzo ziwe za kukaa na kutazama, na mwalimu mlezi apunguziwe vipindi ili apate nafasi ya kulea. Kaunti zitasema shule za upili ni kazi ya serikali kuu, na kikatiba ni kweli. Lakini kaunti hizo hutoa basari, na NG-CDF pia. Sehemu ndogo ya fedha hizo ikilipa kodi ya chumba na nauli ya muhula mmoja, mwana wa mvuvi naye ataweza kufundisha mbali na mji.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Lamu ilipokea wanafunzi wa Riyadha kutoka mbali, ikawapa pa kulala na cha kula, kwa kuwa watu walijua thamani ya elimu. Kamati ya wazazi haishindwi kutafuta chumba kimoja salama, hasa kwa binti wa watu aliye ugenini. Tukimtaka mwalimu wa kwetu, tuanze kumtunza angali mwanafunzi.