Friji ikifa, hesabu ianzie kwenye luku

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Unguja, friji ni duka. Humo hukaa maji ya chupa ya kuuza mchana, barafu za ukwaju na ubuyu zinazosubiri watoto watoke shule, na samaki wa mchuuzi wa jirani anayelipa kidogo ili mzigo wake ulale salama. Ikikataa kugandisha, anayeumia kwanza ni mama aliyekuwa akipata humo ada ya shule na nauli. Uamuzi wa kutengeneza au kununua nyingine hufanywa jioni hiyohiyo, mzigo ukiwa unayeyuka.

Haraka hiyo huzaa makosa mawili. Friji nzima hutupwa kwa sababu ya kifaa kimoja cha bei ndogo. Na friji iliyochoka, inayokula umeme usiku na mchana, hutengenezwa mara ya nne na ya tano kwa kuwa kila safari bei ya fundi ilionekana nafuu kuliko bei ya dukani. Chanzo cha makosa yote mawili ni kimoja: watu hutazama umri wa friji na gharama ya fundi, wakaacha mambo mawili yenye uzito zaidi. Kilichokufa ni nini hasa? Na friji yenyewe inakula uniti ngapi kwa mwezi?

Jibu la swali la kwanza linahitaji kujua friji inavyofanya kazi, na kazi yake haina siri. Kompresa hukandamiza gesi. Gesi hupita kwenye mabomba ya nyuma ikitoa joto. Kisha hupenya mrija mwembamba na kutanuka ndani, ambako hufyonza joto la chakula na kurudi ilikotoka. Mzunguko huo umefungwa pande zote. Gesi haiungui wala haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna mahali inavuja.

Kwa hiyo fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" bila kutafuta tundu hajatengeneza kitu. Fundi anayeijua kazi hutafuta panapovuja, huziba, hubadilisha filta, hunyonya hewa na unyevu kwa pampu, ndipo anapojaza gesi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha friji. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza swali moja kabla hajatoa pesa: inavuja wapi? Fundi asiyeweza kulijibu asiachiwe friji.

Magonjwa mengine ni madogo kuliko yanavyoonekana. Raba ya mlango iliyokakamaa huingiza hewa ya joto na kuifanya kompresa iungurume bila kupumzika. Kipimo chake ni karatasi: ibanwe mlangoni, ivutwe, na ikitoka bila kung'ang'ania, raba imekwisha. Vumbi lililojaa kwenye mabomba ya nyuma huzuia joto kutoka. Linahitaji brashi tu. Thermostati, rilei ya kuwashia kompresa na feni ni vifaa vinavyobadilishwa bila kugusa gesi kabisa. Friji iliyosimama kwa sababu ya rilei inaweza kufufuka kabla ya chai ya saa nne.

Uharibifu mwingine hutoka mikononi mwetu. Kisu cha kuchokolea barafu kimetoboa friza nyingi, kwa sababu nyuma ya ile barafu kuna njia za gesi zilizotengenezwa kwa alumini nyembamba, ambayo ni ngumu kuunga kuliko shaba. Barafu huyeyushwa kwa kuzima friji na kuacha mlango wazi, si kwa ncha ya chuma. Mwingine huletwa na umeme: ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, huilazimisha kompresa kuanza wakati mgandamizo wa gesi haujashuka. Hapo huvuta umeme mwingi, hupata moto, na hatimaye huungua. Friji gadi huzuia hilo kwa kuisubirisha friji dakika chache kabla ya kuiwasha tena. Kuinunua ni sehemu ya kununua friji.

Yako magonjwa ambayo kweli ni mazito. Kompresa iliyoungua ni gharama kubwa, kwa kuwa kuibadilisha kunadai kusafisha mabomba, filta mpya na gesi mpya. Uvujaji uliojificha ndani ya kuta, nyuma ya lile povu la kuzuia joto, mara nyingi hauwezi kufikiwa bila kuvunja friji au kuiwekea njia mpya za gesi. Na povu likishalowa maji, friji haitahifadhi tena baridi kama zamani, hata kompresa iwe mpya. Hapa ndipo swali la kununua nyingine linapostahili kuulizwa, na hapa ndipo watu wengi hushika kanuni ya nusu bei: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya friji mpya, achana nayo.

Kanuni hiyo ni nyepesi kukumbuka, lakini haisemi lolote kuhusu umeme, na umeme hulipiwa kila mwezi kwa miaka.

Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA kuanzia Aprili 2016, mteja wa nyumbani wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh100 kwa uniti. Mteja wa kundi la T1, anayezidi hapo, hulipa Sh292. Ikiongezwa VAT ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, zinafika Sh122 na Sh356.

Tuseme friji kuukuu inakula uniti 2 kwa siku, na mpya ya ukubwa uleule inakula uniti 0.7. Kwa mwezi ni uniti 60 dhidi ya 21. Kwa mteja wa T1, tofauti ni karibu Sh13,900 kila mwezi, zaidi ya Sh166,000 kwa mwaka. Ikiwa friji mpya inauzwa Sh700,000, itakuwa imejilipa kwa miaka minne na kidogo. Kumlipa fundi ili friji ya namna hiyo iendelee kuishi ni kulipia hasara.

Hesabu hiyohiyo hugeuka kabisa ikiwa friji kuukuu inakula uniti 1 tu kwa siku. Tofauti yake na mpya ni uniti 9 kwa mwezi, sawa na Sh3,204. Kwa mwendo huo, friji ya Sh700,000 itahitaji miaka 18 kujilipa. Hapo aitwe fundi, hata kama friji ina miaka kumi na mitano na mlango wake umefifia rangi. Umri peke yake haukuwa sababu ya kuitupa.

Kwa mteja wa D1 kuna jambo jingine linalosahaulika. Friji ya uniti 60 humwachia uniti 15 tu za taa, televisheni, feni na pasi kwa mwezi mzima. Akizidi 75, kila uniti ya ziada huuzwa kwa bei inayozidi mara tatu ya ile ya kwanza, na akizoea kuzidi, huhamishiwa T1. Akihamishwa, zile uniti 75 alizokuwa akinunua kwa bei ya chini zitamgharimu Sh17,550 zaidi kila mwezi. Friji moja inaweza kuwa ndiyo iliyoisukuma nyumba nzima kutoka kundi moja kwenda jingine, huku lawama zikiangukia pasi ya mtoto wa shule.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Usiku, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa, soma uniti zilizobaki kwenye luku. Asubuhi soma tena. Gawanya zilizopungua kwa saa zilizopita, kisha zidisha kwa 24. Matumizi halisi yatakuwa juu kidogo ya hapo, kwa kuwa usiku ni baridi na mlango haufunguliwi, lakini namba hiyo inatosha kuamulia.

Wapo wanaosema za zamani ndizo imara, na hawakosei kabisa. Friji nyingi za zamani zina mabomba ya shaba ambayo fundi wa mtaani huyaunga bila shida, na hazina bodi za kielektroniki zinazoungua umeme ukipanda ghafla. Friji mpya yenye kompresa ya inveta huokoa uniti nyingi, lakini bodi yake ikiungua na duka halina spea, kuokoa kote kumekwisha. Anayenunua mpya asiishie kuuliza bei. Aulize bodi, raba na thermostati zake zinapatikana wapi.

Tahadhari kubwa zaidi iwekwe kwenye friji za mtumba zinazoshushwa kutoka Dubai na Ulaya. Bei yake huvutia, lakini nyingi ziliachwa na wenyewe zikiwa zimechoka, na bili yake hulipwa hapa. Ghana iliona hasara hiyo mapema. Ilitunga kanuni mwaka 2008 za kuzuia friji, friza na viyoyozi vilivyotumika, ikaanza kuzisimamia kwa nguvu Januari 2013, na ikaweka mpango wa wananchi kurudisha friji kuukuu na kupunguziwa bei ya mpya. Serikali ya nchi ile haikumwachia mwananchi peke yake mzigo wa kukagua kompresa sokoni.

Friji iliyokufa nayo ina madhara yake. Friji za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zilijazwa R12, gesi ambayo Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha mwaka 1974 kuwa jamii yake inaharibu tabaka la ozoni, na ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiondoa. Iliyochukua nafasi yake, R134a, haigusi ozoni, lakini huongeza joto la dunia kwa takriban mara 1,430 ya hewa ya ukaa ya uzito uleule. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kuipunguza pamoja na gesi za jamii yake. Mnunuzi wa vyuma chakavu anapokata bomba kwa patasi ili apate shaba ya kompresa, gesi hiyo yote huenda hewani. Friji nyingi za sasa hutumia R600a, iliyo salama zaidi kwa hewa lakini inayoshika moto. Fundi akiunga bomba kwa moto bila kuitoa gesi hiyo kwanza, anahatarisha maisha yake na ya wenye nyumba.

Haya yote yanaonyesha kuwa uamuzi wa kutengeneza au kununua umebebeshwa kaya peke yake bila haki. Kenya ilitunga kanuni mwaka 2016 zinazotaka friji iuzwe ikiwa na lebo ya nyota, moja hadi tano, ili mnunuzi ajue ulaji wake wa umeme kabla hajalipa. Ulaya, tangu Machi 2021, huwalazimisha watengenezaji wa friji kuwa na thermostati na bodi kwa miaka isiyopungua 7 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa, na raba za mlango kwa miaka 10. Kila friji inayouzwa Tanzania, mpya au ya mtumba, inapaswa kuwa na namba ya uniti kwa mwaka iliyobandikwa mlangoni kwa Kiswahili, na muuzaji mkubwa awajibike kuwa na spea.

Na fundi wa mtaani asiachwe nyuma. VETA ina mafunzo ya majokofu na viyoyozi, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Utaratibu huo ufike kwenye vibanda vya Kariakoo na Mbagala, ukiwa na pampu za kunyonya hewa na mitungi ya kukusanyia gesi kwa mkopo wa riba nafuu. Mama wa barafu anahitaji fundi anayeweza kumwambia kwa uhakika, kabla mzigo haujayeyuka, kwamba hii inafaa kutengenezwa na ile haifai, na kumwonyesha kwa hesabu ni kwa nini.