Daktari wa kibinafsi ageuka mkopeshaji wa serikali

ZAMANI daktari aliyefungua kliniki mtaani alihitaji leseni, dawa, muuguzi na wagonjwa wenye pesa mkononi. Siku hizi anahitaji pia karani wa kujaza madai ya bima, na subira isiyo kikomo.

Mnamo Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa NHIF, hazina iliyoundwa 1966. Wafanyakazi sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Lakini NHIF iliondoka ikidaiwa mabilioni ya shilingi na hospitali, zikiwemo za kibinafsi. Februari 2025, chama cha hospitali hizo, RUPHA, kiliwataka wanachama wasitishe huduma za SHA na kudai pesa taslimu. Mwezi uliofuata Rais William Ruto aliahidi kuwa zinazodai hadi Sh10 milioni zingelipwa kikamilifu, na madai makubwa zaidi yakaguliwe kwanza.

Ukaguzi una sababu, kwani madai ya kughushi yamefichuliwa. Hata hivyo, anayeumia zaidi ni mwenye hospitali ndogo. Wauguzi hutaka mishahara mwisho wa mwezi, mwenye jengo hangoji, na muuzaji dawa hukataa kukopesha tena. Hospitali kubwa jijini Nairobi ina wateja wa bima za kampuni, hivyo yaweza kuvumilia. Ile ya mashambani, ambayo wagonjwa wake wengi hutegemea SHA, hukopa benki kwa riba. Ikishindwa, humwambia mama mjamzito alete pesa, ilhali mchango wake ulikwisha kulipwa.