Sanduku Lililogeuka Chombo cha Moto

Sanduku la safari halikuota magurudumu zamani sana. Bernard Sadow wa Marekani alipata hataza ya sanduku la kukokotwa mwaka 1972, na mwaka 1987 rubani Robert Plath akalisimamisha wima na kulitia mpini mrefu. Sasa limekuja jingine lenye mota, betri na usukani, na mwenyewe hulipanda. Mengine hufikia kilomita 13 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa mtu atembeaye. Lugha yetu hukiita kitu chenye mota chombo cha moto, na hapa jina hilo lafaa mara mbili.

Huko Japani, mwaka 2024, polisi wa Osaka walimfikisha kwa mwendesha mashtaka mgeni mmoja aliyelipanda sanduku la namna hiyo kwenye njia ya waenda kwa miguu. Sheria yao hulihesabu kuwa pikipiki ndogo, nalo lataka leseni. Hapa Kigali hatuhitaji kungoja polisi. Ukumbi wa Kanombe una wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, na jamaa wanaotazama mlangoni tu, wala si miguuni mwao. Ukiingia, shuka, zima mota, livute sanduku kama wenzako. Mtoto asiachiwe usukani kabisa. Tena askari aliyerejea kutoka kulinda amani, akiupita umati na sare yake juu ya sanduku, watu hawatakumbuka nishani, watakumbuka sanduku.

Lakini kugongana ni jambo dogo. Hatari yenyewe imo katika betri ya lithiamu. Ikipondwa, ikiwa na kasoro, au ncha zake zikigusana na chuma, huweza kupata joto lisilozuilika, na chembe moja ikaiwasha nyingine. Ndani ya chumba cha abiria wahudumu huona moshi mara moja na kumwaga maji. Chini, katika shehena, hakuna mtu. Na gesi ya kuzimia moto iliyomo humo haitoshi kuipoza betri iliyokwisha kuwaka. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, iliyobeba betri nyingi za lithiamu, ilishika moto baada ya kuruka kutoka Dubai. Marubani wote wawili walifariki.

Na Dubai ndiko jamaa zetu wengi waendako kununua vitu. Basi anunuaye na aulize kwanza: je, betri hutoka? Sanduku la kupandwa aghalabu huzidi kilo 7 likiwa tupu, na mashirika mengi huruhusu kilo 7 hadi 10 tu mkononi, kwa hiyo mara nyingi litapelekwa katika shehena. Hapo betri sharti itolewe, ukae nayo ndani ya ndege. Isiyotoka hukataliwa, na mwenye sanduku hubaki kaunta akihamishia nguo za watoto katika gunia.

Tazama pia nguvu yake. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 36 na ampea-saa 2 ina wati-saa 72. Hadi wati-saa 100 hupita kwa kawaida. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege kabla ya safari. Zaidi ya hapo abiria haruhusiwi kuibeba. Nyumbani itie umeme kwa chaja yake, sakafuni, mbali na godoro, mkiwa macho.

Maelekezo ya kigeni husema betri iliyotolewa iwekwe katika mfuko wa plastiki. Kwetu mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu mwaka 2008, na wakaguzi wa Kanombe huichukua. Kimfuko cha kitenge kilichoshonwa nyumbani chatosha, mradi ncha za betri zimefunikwa kwa selotepu, wala humo hamna funguo wala sarafu.